Kutoka Boma la Mpala hadi Kirungu: Historia ya Misheni Iliyozaa Mji

Moba haumo katika orodha ya miji mikubwa ya Kongo. Uko kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Matuga, hapa kwetu Kwale katika pwani ya Kenya, kwa mstari ulionyooka, nao una pande mbili. Bandari na soko viko chini, ufukweni. Kirungu iko juu, mwinukoni, penye kanisa kubwa la matofali, nyumba za mapadri na masista, na shule. Barua ya serikali huandikwa kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa hufanywa kwa Kifaransa. Samaki huuzwa kwa Kiswahili. Wenyeji wengi ni Watabwa, na nyumbani wana lugha yao.

Mji huu haukuanzishwa na serikali wala na tajiri wa migodi. Ulizaliwa na misheni. Julai 2025 ilitimia miaka 140 tangu Mapadri Weupe walipopokea boma la Mpala, kaskazini kidogo ya hapo, na hilo ndilo jambo linalotufanya tuirudie historia yake. Msomaji wa Kwale hataiona ngeni sana. Miaka kumi tu kabla ya hapo, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wameanzisha Frere Town ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na Rabai nayo ilikwisha jaa watoro waliokimbia mabwana zao. Mpala ilikuwa jamaa yao wa bara: mahali pa watu walioponyoka njia ya watumwa, pakitawaliwa na wageni wenye Biblia mkono mmoja na, kwa miaka kadhaa, bunduki mkono wa pili.

1883–1885: Boma la Bwana Boma

Hitaji la kwanza halikuwa la dini. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia mjini Brussels, na humo kikazaliwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Kwa maneno ya hadharani, chama kilitaka vituo vya kupumzikia wasafiri na vya kupinga biashara ya watumwa kuanzia pwani ya Zanzibar hadi katikati ya bara. Kituo cha Karema, ukingo wa mashariki wa ziwa, kilijengwa mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1883, Luteni Émile Storms alivuka kutoka Karema akaanzisha kituo cha pili upande wa pili wa maji, kwenye mdomo wa mto Lufuko, katika nchi ya chifu Mpala. Wawili hao walichanjiana damu wakawa ndugu. Kituo kikaitwa kwa jina la mwenyeji, na wenyeji wakampa mgeni jina la alichokijenga: Bwana Boma.

Wajenzi na askari wa boma hilo hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa waungwana na rugaruga, watu walioandikwa Zanzibar, pwani na Unyamwezi, wale wale walioubeba msafara kwa mabega kutoka baharini. Kiswahili kilifika Mpala midomoni mwao kabla padri yeyote hajafungua darasa. Ni jambo ambalo vijitabu vingi vya misheni hulipitia kwa sentensi moja, na si haki.

Katika milima ya jirani alikuwapo Lusinga lwa Ng'ombe, chifu mwenye kijiji chenye ngome na bunduki, aliyejipatia nguvu kwa kuuza watu kwenye misafara. Yeye na Storms wasingeweza kukaa nchi moja. Desemba 1884 watu wa Storms walikivamia kijiji chake, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms aliporudi Ulaya alibeba mafuvu ya machifu watatu, la Lusinga likiwemo, pamoja na sanamu ya mababu ya Lusinga ambayo leo ni miongoni mwa mali maarufu za jumba la makumbusho la Tervuren. Historia ya taasisi hii haiwezi kuandikwa kwa kuliruka jambo hilo. Kituo kilichotangazwa kuwa cha ubinadamu kilikuwa kimekata vichwa kabla hakijatimiza miaka miwili.

1885–1893: Mapadri wakabidhiwa boma

Mkutano wa Berlin ulikwisha Februari 1885, na Leopold akapata alichokitaka: Kongo nzima, kwenye karatasi. Vituo vya ziwani havikumfaa tena kwa sura ile ya zamani. Storms akaamriwa aviache, naye alikasirika. Vikakabidhiwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambalo tangu 1879 lilikuwa na watu Ujiji. Julai 1885 mapadri Isaac Moinet na Auguste Moncet wakaingia Mpala.

Walichokabidhiwa kilikuwa zaidi ya nyumba. Kulikuwa na boma, bunduki, askari, na vijiji vilivyozoea kuleta kesi zao kwa mwenye boma. Dola Huru ya Kongo haikuwa na ofisa hata mmoja ziwani wakati huo. Kwa hiyo padri aliyekuja kufundisha katekisimu alijikuta asubuhi anaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, mchana anahesabu risasi, jioni anawasomea watoto sala. Wanahistoria wameuita mpango huo ufalme wa Kikristo, na Lavigerie mwenyewe aliwahi kuwaza hivyo.

Watoto wenyewe walitoka wapi? Wengi walikombolewa, yaani walinunuliwa kutoka misafara kwa vitambaa na shanga, wakalelewa kituoni, wakaozwa, wakapewa viwanja. Vijiji vya kwanza vya Wakristo vilijengwa kwa njia hiyo. Hapana budi kusema kwamba mtoto aliyenunuliwa ili awe huru hakuwa na pengine pa kwenda, na kanuni za kituo zilikuwa kali. Lakini pia hakuwa tena bidhaa, na hilo alilijua vizuri kuliko sisi.

Boma lilihitaji mtu wa kulilinda. Akaja Kapteni Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842 na aliyewahi kuwa askari wa Papa huko Roma. Alifika Mpala mwaka 1887, kisha akaweka makao yake katika kituo cha Mtakatifu Louis wa Mrumbi. Alifundisha vijana kwata, alitibu wagonjwa, alisikiliza mashauri. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa kienyeji, ndoa ya kanisani yenye pete na cheti, wakati ambapo Wazungu wengi wa Kongo walikaa na wanawake wa Kiafrika bila kukiri hadharani. Alikaa ziwani miaka 40, akafa Mei 1927. Ulaya alikuwa shujaa wa magazeti ya dini. Ziwani alikuwa mume wa Atakaye na baba wa watoto wake, na ukoo ule ni wa nchi ile.

Miaka ya mwanzo ya 1890 ilikuwa ya hatari. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi aliyeshika Ujiji, alikuwa bwana wa maji ya kaskazini, na watu wa misafara walimbana Joubert hadi risasi zikakaribia kumwishia. Msaada ulitoka kwa Chama cha Wabelgiji cha Kupinga Utumwa. Kapteni Jules Jacques alifika mwishoni mwa 1891 akaanzisha kituo cha Albertville, ambacho leo ndicho mji wa Kalemie. Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru mwaka 1894. Mwaka uliofuata, Agosti 1895, Waingereza waliipiga ngome ya Mbaruk bin Rashid wa Gazi huko Mwele, nyuma ya vilima vya Shimba. Pwani na ziwani, wenye nguvu wa zamani waliondolewa karibu kwa wakati mmoja, na waliowaondoa walijiita wakombozi kote kuwili.

1893–1917: Roelens apanda mlimani

Padri Victor Roelens, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1858, hakupapenda ufukweni. Mbu walikuwa wengi, ardhi ilikuwa finyu, na Mpala ilikuwa na historia ya boma. Mwaka 1893 alianzisha kituo kipya kusini zaidi, juu ya mwinuko wa Kirungu, akakiita Baudouinville kwa heshima ya Mwanamfalme Baudouin wa Ubelgiji aliyefariki mwaka 1891. Mwaka 1895 aliteuliwa kuongoza Vikarieti ya Kongo ya Juu, na mwaka 1896 akawekwa wakfu kuwa askofu, wa kwanza wa Kongo ya kikoloni. Alishika uongozi hadi 1941.

Miaka 46 ni mingi kwa kiongozi yeyote, na taasisi ilichukua sura yake. Alikuwa mkali, mwenye mpango na mwenye subira ya mkulima. Chini yake ufundi ulipewa nafasi sawa na sala. Udongo wa mwinukoni ulifinyangwa na kuchomwa kuwa matofali, miti ya milima ya Marungu ikapasuliwa mbao, na waashi na maseremala waliofunzwa hapo ndio waliojenga kanisa, nyumba ya masista, madarasa na zahanati. Kijana aliyejua kupima kona kwa timazi na uzi alikuwa na kazi maisha yake yote. Mfereji wa maji na bustani vikaja. Mji ukapata barabara zilizonyooka kabla ya kupata mkuu wa wilaya.

Elimu ya lugha nayo haikuachwa. Padri Gustave De Beerst alichapisha sarufi ya Kitabwa mwaka 1896. Shuleni, hata hivyo, Kiswahili kilishika kiti cha mbele, kwa sababu ndicho kilichowaunganisha watoto waliokombolewa kutoka makabila tofauti. Kifaransa kiliwekwa kwa ajili ya wachache waliotarajiwa kupanda juu, na Kilatini kwa wachache zaidi.

Halafu ukaja ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipita katika fukwe za ziwa na kufuta vijiji vizima. Serikali ikawahamisha watu mbali na maji yenye mbung'o. Mpala yenyewe, boma mama, ilipoteza watu wengi isirudie tena ukubwa wake. Uamuzi wa Roelens wa kupanda mlimani ulionekana wa busara kuliko yeye mwenyewe alivyokusudia.

Vita Kuu vya Kwanza vilifika ziwani kama vilivyofika kwetu pwani. Oktoba 1914 Wajerumani walishambulia Gazi. Januari 1915 wakapigana Jasini, ng'ambo kidogo ya Vanga. Ziwani walikuwa na meli na bunduki, na pwani yote ya Kongo ilikaa roho mkononi hadi Waingereza walipoleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zikizunguka kwa njia ya Afrika Kusini. Desemba 1915 zikateka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, huko Kigoma. Iliopolewa baadaye, na tangu 1927 imejulikana kama MV Liemba.

Mwaka mmoja baada ya ziwa kutulia, Kirungu ikafanya sherehe yake kubwa kupita zote.

21 Julai 1917: Stefano Kaoze

Kaoze alikuwa Mtabwa, mzaliwa wa nchi ya Marungu, wa miaka ya kati ya 1880. Alianza katika shule ya misheni na mwishoni mwa miaka ya 1890 akaingia seminari ndogo iliyofunguliwa Mpala, ndani ya kuta zile zile za Bwana Boma. Wenzake waliacha mmoja mmoja. Yeye aliendelea: Kilatini, falsafa, teolojia, na vipindi vya kufundisha wadogo zake. Kati ya 1910 na 1911 makala yake kuhusu saikolojia ya Wabantu ilichapishwa Ubelgiji kwa Kifaransa, kwa msaada wa Mjesuiti Arthur Vermeersch. Ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya fikra yaliyoandikwa na Mkongo kwa lugha hiyo.

Njia nzima ilimchukua karibu miaka 18. Wenye haraka walisema Roelens anachelewesha makusudi. Wenye chuki walisema Mwafrika hataweza. Tarehe 21 Julai 1917, sikukuu ya taifa ya Ubelgiji, Kaoze alipewa upadrisho Baudouinville, Mkongo wa kwanza wa zama mpya kufikia daraja hilo. Akawa padri kamili, si msaidizi. Baadaye alisafiri Ulaya pamoja na askofu wake, alisimamia parokia, na mwishoni mwa miaka ya 1940 aliingia katika Baraza la Serikali la koloni kama mjumbe Mwafrika wa kwanza. Alifariki mwaka 1951.

Ukiuliza taasisi hii ilizalisha nini, jibu haliko katika idadi ya matofali. Mtu aliyezaliwa wakati misafara bado inapita alisimama altareni, akaandika kwa Kifaransa kuhusu watu wake mwenyewe, akaketi meza moja na gavana. Baada yake mapadri wa kienyeji waliongezeka hadi ikawa jambo la kawaida, na jambo kuwa la kawaida ndiyo faida yenyewe.

Baada ya Roelens

Roelens alistaafu mwaka 1941, akafariki papo hapo Baudouinville Agosti 1947 akiwa na miaka 89. Askofu Urbain Morlion alimfuata. Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru wa Juni 1960, vikarieti ikapandishwa kuwa jimbo. Majina ya wafalme yakaondoka baada ya uhuru: Baudouinville ikawa Kirungu na Moba, Albertville ikawa Kalemie, na jimbo likabeba majina mawili, Kalemie-Kirungu. Uzito wa utawala ulihamia Kalemie, penye reli na bandari kubwa. Kirungu ikabaki na shule, hospitali, makaburi na kumbukumbu.

Amani haikudumu. Novemba 1984 wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila waliiteka Moba kwa siku chache kabla ya jeshi la Rais Mobutu kuirudisha, na mwaka 1985 wakajaribu tena. Katika vita vilivyoanza 1998 watu wengi wa Moba walivukia Tanzania na Zambia, wakakaa kambini miaka. Watoto waliozaliwa huko walirudi na Kiswahili cha Kigoma au Kiingereza cha Zambia, wakakuta darasa linawasubiri kwa Kifaransa. Walimu wa Moba ndio waliolibeba tatizo hilo, na hakuna aliyewajengea kanisa kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, na Moba ikaingia mkoa mpya wa Tanganyika.

Maisha ya leo yanaendeshwa na ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470. Usiku wavuvi huwasha taa kuvuta ndagala, hao dagaa wetu. Asubuhi huanikwa mchangani, na mikebuka huuzwa mbichi. Maboti ya mbao hupakia unga wa muhogo, mahindi na abiria kwenda Kalemie, mengine huvuka kwenda Kirando upande wa Tanzania. Anayetaka kufika Kirungu hupanda mlima. Kengele ya kanisa husikika chini sokoni upepo ukiwa upande wake.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1876 | Mkutano wa Brussels waunda Chama cha Kimataifa cha Afrika |
| 1879 | Kituo cha Karema chaanzishwa ukingo wa mashariki |
| 1883 | Storms aanzisha Mpala, 4 Mei |
| 1884 | Lusinga auawa |
| 1885 | Mapadri Weupe wakabidhiwa Mpala |
| 1887 | Kapteni Joubert afika |
| 1893 | Roelens aanzisha Baudouinville, Kirungu |
| 1896 | Roelens awekwa wakfu kuwa askofu |
| 1917 | Stefano Kaoze apata upadrisho, 21 Julai |
| 1927 | Joubert afariki |
| 1941 | Roelens astaafu |
| 1951 | Kaoze afariki |
| 1959 | Vikarieti yawa jimbo |
| 1984 | Moba yatekwa na waasi, yarudishwa |
| 2015 | Mkoa wa Tanganyika waundwa |

Watayarishaji wa sherehe hubishana waanzie wapi: 1883, 1885 au 1893. Kwa maoni yetu, misheni ihesabiwe kuanzia 1885 na mji kuanzia 1893. Mwaka 1883 ni wa boma, na boma halina cha kushangilia. Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja wa Ixelles, Brussels. Fuvu la Lusinga limehifadhiwa miaka mingi katika taasisi ya sayansi asilia ya jiji hilo hilo. Lirudishwe Marungu, lizikwe na watu wake, na wanaoandaa maadhimisho ya Kirungu wawe wa kwanza kulidai.